Mwaka Mwili wa Mama Mdogo Ulipocharuka

Mwezi uliopita tulimzika Bi Tatu, muuguzi aliyekuwa akihudumia wagonjwa wa ukoma katika kituo cha afya cha jirani na kwetu, Kibiti. Baada ya kisomo nilikaa uani na mama mdogo Zena tukisugua masinia, na wanawake waliokuwa jikoni wakawa wanamsimulia marehemu kila mmoja kwa upande wake: huyu alizalishwa naye, huyu alifokewa siku aliyosahau kadi ya mtoto, huyu alipewa nauli ya kurudi Nyamwage. Mama mdogo aliendelea na majivu yake mpaka wenzake walipoingia ndani kugawa pilau, ndipo akaniambia bila kuniangalia, "Yangu na yule mama ni marefu. Yaandike wewe, mimi nikianza nitalia mbele za watu." Nikamwambia nitayaandika. Nimeanza mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri, na kila mara nimefuta, kwa sababu nikiandika sentensi moja naona ndani yake makosa ambayo mtu fulani, sijui nani, atanicheka nayo.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na tisa. Matokeo yangu ya kidato cha nne hayakunipeleka popote, nikahamia kwa mama mdogo Mtawanya ili nijisomee Baiolojia na Kemia na kurudia mtihani, bila shule na bila mwalimu. Nilipewa chumba cha kuwekea ukindu. Mafungu yake yalining'inia kwenye boriti juu ya kitanda changu, mengine meupe, mengine yamekwishatiwa rangi ya zambarau na kijani, na chumba kizima kilinuka kama majani yaliyonyeshewa kisha yakapigwa jua. Kutwa mama mdogo alikuwa ameketi kizingitini kwangu akisuka ukili, ule utepe mrefu ambao baadaye hushonwa ukawa mkeka, nami nikiwa mezani nachora chembe hai. Akimaliza pima moja, mimi nilikuwa bado nafuta duara lilelile kwa kuwa halikuwa duara. "Mwaju," alikuwa akiniambia, "hiyo karatasi utaitoboa." Na kweli niliitoboa. Nilikuwa mtu wa hofu, wala sijaacha. Nilikuwa naosha kikombe, nakinusa, nakiosha tena. Mtu akinijibu salamu kwa mkato, siku nzima nilijiuliza nimemkosea nini.

Nilipofika pale mama mdogo alikuwa tayari ameanza dawa za ukoma. Alikuwa na mabaka machache mkononi na mgongoni, mepesi kuliko ngozi yake, ambayo ukiyagusa kwa ncha ya kalamu hasikii. Bi Tatu alikuwa amewaambia kwamba tangu alipoanza kumeza dawa hawezi tena kumwambukiza mtu, na mumewe, baba mdogo Hatibu, alilipokea neno hilo kwa namna yake: alikuwa akirudi kutoka delta, alikokuwa akikata nguzo za mikoko, ananawa mikono, anakaa kula naye sinia moja kama siku zote. Siku moja nikiwa chumbani nilimsikia dada yake amemjia juu.

"Hatibu, watu wanakuona."

"Wananiona nakula."

"Mtengee hata sahani yake."

"Nikimtengea sahani, yule samaki mkubwa atakwenda kwake au atabaki kwangu? Tuache tugombanie hapahapa."

Yule dada akacheka bila kupenda. Baadaye kidogo nikasikia naye ameketi, anaomba ndimu.

Miezi michache baadaye mambo yaligeuka. Mabaka yaliyokuwa yakififia yaliamka, yakawa mekundu, yakavimba kama yamemwagiwa maji ya moto. Kiwiko cha kulia kilimuuma hata akawa anaguna akiinua kata ya maji. Kisha vidole viwili vya mwisho, cha pete na kile kidogo, vikaanza kulegea. Ukili ulimponyoka, akauokota, ukamponyoka tena, naye akauweka chini taratibu kama mtu anayeweka mtoto aliyelala. Baba mdogo alikuwa na maelezo yake, na kusema kweli hata mimi niliyaona yana akili. "Dawa zimemchoma," alisema. "Alianza kuzimeza anasuka mikeka, leo hawezi kufunga kifungo. Zitupwe." Hakusema kwa hasira. Alisema huku anamfunga kile kifungo.

Hazikutupwa, kwa sababu mama mdogo alitaka kwanza kumsikia Bi Tatu. Tulikwenda wote watatu. Chumba chake kilikuwa chembamba, kina meza, benchi na dirisha lililotazama foleni ya kina mama wenye watoto wachanga, na kila mazungumzo pale yalikuwa na mtoto anayelia ndani yake. Bi Tatu alichana kipande cha karatasi, akakipachika katikati ya vile vidole viwili, akasema, "Kibane, mimi navuta." Karatasi ilitoka kama ilikuwa imelazwa juu ya meza. Akamwambia asukume kidole kidogo kwenda nje, naye akakizuia kwa chake, hakikusukuma kitu. Akabonyeza kidogo nyuma ya kiwiko, mama mdogo akaruka.

"Mshipa wa fahamu umevimba," Bi Tatu alisema. "Huu ndio unaoendesha hivi vidole."

"Ni zile dawa?" baba mdogo aliuliza.

"Dawa zinaua wadudu, baba. Wadudu wakifa wanaacha mabaki yao mwilini, na mwili wakati mwingine ukiyashtukia yale mabaki unacharuka. Sisi tunauita mcharuko. Kinachomuumiza sasa ni mwili wake mwenyewe unavyopambana na ugonjwa ambao umeshapigwa."

"Basi tuziache."

"Msiziache. Ataendelea nazo, na namwongezea hivi vidonge vya kutuliza. Ataanza na vingi, kisha tutapunguza kidogo kidogo, miezi kadhaa. Tukichelewa, vidole vitakunjika na vitabaki hivyo."

Mama mdogo aliuliza swali moja tu. "Nitasuka?"

Bi Tatu akaanza kuvihesabu vidonge. "Ukivimeza kama ninavyokwambia, nadhani utasuka. Ukiruka, sijui."

Lile neno la kucharuka halikuniacha. Nilitaka kujua nani anauambia mwili ucharuke, na kwa lugha gani. Nyuma ya choo kulikuwa na kichuguu ambacho mtandao ulishika ukisimama juu yake, nami nilisimama pale na simu yangu yenye kioo kilichopasuka mpaka majirani wakaanza kuulizana nina mchumba gani asiyechoka kuzungumza. Nilichokuwa nasoma ni hiki: chembe za kinga hazina macho wala mdomo. Chembe ikimmeza mdudu humvunjavunja, kisha humwaga nje molekuli ndogo sana za protini zinazoitwa saitokini. Hizo huelea mpaka zikutane na chembe nyingine yenye vipokezi, yaani sehemu juu ya ngozi yake zinazozishika kama tundu linavyoshika kifungo chake. Chembe isiyo na kipokezi haisikii chochote. Iliyo nacho hubadilika. Huamka, husogea, hujigawa, na mara nyingi nayo humwaga saitokini zake. Nyingine huishia kwa jirani. Nyingine humrudia yuleyule aliyezimwaga zikamchochea zaidi. Nyingine huchukuliwa na damu hadi kwenye ubongo, na hapo ndipo homa hupanda. Mishipa ya damu inalegea, maji yanavuja, mahali panavimba. Na kama mahali penyewe ni ndani ya mshipa wa fahamu, wenye ala isiyotanuka sana, uvimbe hukosa pa kwenda, ukaubana mshipa wenyewe. Nilisoma pia kwamba zipo saitokini za kutuliza, zinazoziambia chembe nyingine zipoe, na kwamba vidonge vya Bi Tatu hufanya kazi kwa kuzizuia chembe zisitengeneze zile za kuchochea. Nilishuka kichuguuni nimefurahi kama mtu aliyeokota kitu cha watu wote.

Nikamwandalia mama mdogo somo. Niliandika maelezo, nikayanakili upya kwa mwandiko mzuri, nikachora mchoro wenye mishale ya rangi. Aliufuta mkono kwenye kanga kabla ya kuupokea.

"Huyu mwekundu ndiye mimi?"

"Hapana, hiyo ni interferoni, saitokini mojawapo."

"Na huyu mwenye meno?"

"Si meno, mama mdogo. Ni vipokezi."

Aliutazama kwa heshima kubwa. "Umechora vizuri, mwanangu," akasema, nami nikajua hajapata hata mshale mmoja. Usiku ule nililaumu rangi. Leo ninapoenda nyumba kwa nyumba kama mhudumu wa afya, na kumwona mama akiitikia kwa kichwa huku macho yake yamehama, huikumbuka ile heshima ya mama mdogo na kuiogopa. Mtu akikusifu kwa namna ile, ujue umemwacha nyuma.

Vidonge vya kutuliza vilifanya kazi upesi, na hapo ndipo hatari ilipoanza. Maumivu yakaisha, mabaka yakatulia, karatasi ya Bi Tatu ikaanza kushikika. Mpunga nao ukawa unaiva, na mama mdogo akahamia bondeni, chini ya Ndundu, kwenye dungu lake, kile kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ambamo watu hukaa kuamia ndege na kulinda mashamba mpaka mavuno. Nilibaki Mtawanya na vitabu vyangu. Siku moja nikifagia buibui nilivikuta vidonge vyake vya kutuliza vimechomekwa juu ya ukuta, chini ya makuti, tangu siku aliyoondoka. Sikumaliza kufagia. Nilikwenda kwa Bi Tatu nikiwa na ufagio mkononi, na sikuuona mpaka aliponiuliza nimekuja kumfagilia nini.

"Kuviacha ghafla peke yake ni hatari, mwili umeshavizoea," alisema, na akanieleza aanze tena na vingapi. "Na ule mshipa hautausubiri mpunga. Mpelekee, kisha umlete nimwone. Lakini usiende kumhubiria. Ukimhubiria atakupikia chakula kizuri, akurudishe."

Alinipikia bada na kambale wa kuchoma. Tulikula juu ya dungu, miguu ikining'inia, mpunga wa manjano umetuzunguka pande zote na malori yakisikika kwa mbali yakivuka daraja. Nilikuwa nimekula nusu nilipoelewa kwa nini, katikati ya mpunga mpya, amepika ugali wa muhogo. Bada hushikika. Wali ungemponyoka kati ya vidole mbele yangu.

"Umeviacha," nikasema.

"Nimepumzika."

"Tangu lini?"

"Tangu maumivu yaishe. Mwaju, uso umenivimba kama andazi, njaa hainiishi, Bi Somoe wa dungu la jirani ananiuliza mimba ni ya mwezi wa ngapi. Na siumwi popote."

"Na kidole?"

Aliufunika mkono kwa kanga. "Kidole kimechoka tu. Na mpunga haujui kama mimi mgonjwa."

Nilikuwa na maneno mengi, yamepangwa vizuri tangu Kibiti. Sikuwahi kuyasema, maana wakati huohuo lilitoka yowe upande wa mtoni. Madunguni kuna desturi: ukisikia yowe unalipokea, unalirusha kwa dungu linalofuata kabla hujauliza ni la nini, kisha unashuka na fimbo, debe, chochote. Hakuna anayesubiri aone, kwa sababu kiboko akisubiriwa amekwishamaliza jaruba zima la mpunga. Mama mdogo alisimama akalirusha. Nami nikalirusha, mimi ambaye hadi leo hujaribu sauti yangu moyoni kabla ya kuomba chumvi. Likapita juu ya bonde, dungu kwa dungu, na watu wakashuka kila upande wakakimbilia mtoni kwa njia ya mkato, na njia ya mkato ilikuwa katikati ya jaruba la Bi Somoe, jirani yetu, ambalo lilikuwa limeiva kuliko yote.

Kiboko alikuwapo kweli. Aliyemwona kwanza alimwona akitoka, lakini tulipofika alikuwa amesharudi majini, ameacha nyayo kwenye tope na mashuke machache yaliyotafunwa. Mmoja akapiga debe polepole akaita salama, maana hata salama hupokewa na kurushwa vilevile. Waliokuwa karibu wakaipokea mara moja, kisha wakanyamaza na kuanza kubishana juu ya ukubwa wa nyayo. Madungu ya mbali yalikuwa hayajaisikia. Huko yowe lilikuwa bado linatembea, likazunguka, likaturudia kutoka upande wa pili likiwa na nguvu mpya, na wale waliokuwa wametulia wakadhani kiboko mwingine ametokea, wakakimbia tena. Walipita palepale.

Bi Somoe alisimama katikati ya jaruba lake lililolala. Hakulia. Alikuwa mwanamke wa maneno. "Kiboko kanilia mashuke ya kujaza kiganja," alisema. "Nyinyi mmenilaza shamba. Na wewe Athumani, unyayo wako huu hapa, kiboko mwenyewe akiuona atahama." Watu wakacheka kwa aibu. Athumani akachukua debe, akalipiga taratibu na kuita salama, akaendelea mpaka madungu ya mwisho kabisa yakajibu, na hata yalipojibu hakuacha mara moja.

Tulibaki na Bi Somoe tukiinua mpunga, tukifunga mashina matatu manne pamoja yasimame. Mama mdogo alikuwa akifunga kwa vidole vitatu. Nikamwambia, bila kujiandaa, "Hivi ndivyo ilivyo kwenye kiwiko chako."

Alifunga fungu jingine kwanza. "Kiboko ndio ukoma?"

"Umesharudi majini. Umeacha nyayo."

"Na wanaokimbia?"

"Chembe zako. Zinapokezana tu. Hakuna iliyokusudia ubaya."

"Na Bi Somoe ni mshipa."

"Ndiyo."

"Basi vile vidonge ndio debe." Akakaza fundo. "Nami nimelinyamazisha mapema."

Nakiri niliteseka. Haikuwa sahihi kabisa; vidonge havirushi salama, vinazizuia chembe zisipige yowe, na hayo ni mambo mawili tofauti. Sahihisho lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nilikazana kufunga mpunga mpaka likapita, na sidhani kama nimewahi kufanya kazi ngumu zaidi ya ile.

"Nikilipiga sasa," aliuliza, "ulioinama utainuka?"

"Mwingine utainuka. Mwingine sijui."

"Umevileta?"

Vilikuwa mfukoni mwangu. Alivimeza palepale, kwa maji ya Bi Somoe, na Bi Somoe akamuuliza kama hivyo ndivyo vya mimba. "Ndivyo," mama mdogo akajibu. "Nitakuzalia mkwe." Kesho yake tulirudi Kibiti kwa Bi Tatu, ambaye hakumgombeza wala hakumsifu, alimpangia upya tangu mwanzo. Baba mdogo akaacha mikoko, akaja kukaa dunguni kuamia ndege badala ya mkewe. Wakataji wenzake walimtumia salamu kila siku wakimuuliza shomoro wanasemaje, naye aliwajibu kwamba wanasema wao wana adabu zaidi.

Ilituchukua miezi. Uso wa mama mdogo ukajaa, kisha, kadiri vidonge vilivyozidi kupungua, ukamrudia ule wa zamani. Mimi nilifanya mtihani wangu. Baiolojia nikafaulu, Kemia hapana, na nilidhani nitakufa kwa ile Kemia. Sikufa. Kila siku nilimpima mama mdogo kwa kipande cha karatasi, asubuhi na jioni, mpaka alinifukuza. "Karatasi zote za mtihani unanibanisha mimi," alisema. Kidole cha pete kilianza kubana. Kile kidogo niliendelea kukipa muda.

Siku ya kumaliza dozi tulikwenda naye wawili tu. Watoto walikuwa wanalia dirishani kama kawaida. Bi Tatu alichana karatasi yake, akaipachika kati ya cha shahada na cha kati, akavuta, ikakatika. Kati ya cha kati na cha pete, ikakatika. Kati ya cha pete na kidogo ilitoka nzima. Akairudisha, akajaribu tena, ikatoka. Akakishika kile kidole kidogo kwa mikono yake yote miwili, akakinyoosha, akakiachia, kikarudi kujikunja.

"Hiki hakitarudi, Zena," alisema. "Sitaki kukudanganya. Utakuwa unakinyoosha kwa mafuta kila siku kisikakamae, na ukishika chungu cha moto utazame kwa macho, maana hakitakwambia."

Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu kimyakimya ni wiki gani kilipotea, kama ni ile aliyohamia bondeni au ile niliyochelewa kufagia. Mama mdogo aliugeuza mkono wake, akautazama kiganjani na mgongoni.

"Na hivi vinne?"

"Hivi ni vyako."

Mama mdogo akasimama, akarekebisha kanga, akampa Bi Tatu mkono. Hakuwa ameshikana mkono na mtu mwaka mzima, alikuwa akiwasalimia watu kwa kuinama kidogo na kuuficha. Alimbana. Bi Tatu akakunja uso, akacheka.

"Taratibu, Zena. Na mimi wangu nauhitaji kesho."

Mama mdogo hakuuachia. Nilikuwa pembeni yao, nikikitazama kile kidole kimoja kilichobaki nje ya mshiko, mpaka Bi Tatu aliponiambia nifungue mlango, kuna wengine wanasubiri.